Kihenge Kilichoshuka Mchangani

Kwa pombe ya mtama, Mbuke hakuwa na mshindani. Kuanzia bonde la Mwadubi hadi karibu na Mhunze, mtu akitaka kuozesha binti au kuita vijana wamlimie shamba, alimtuma mkewe kwanza kwa Mbuke, na Mbuke asipokuwa na nafasi shughuli ilisogezwa mbele. Wenye wivu walidai ana dawa. Dawa gani! Alikuwa na kichujio kirefu cha nyasi alichokisuka mwenyewe, na subira ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote duniani. Wanawake wengine walichuja ili pombe iwahi wanywaji. Yeye, kikombe cha kwanza kikitoka na takataka, alikirudisha juu ya kichujio, na cha pili vilevile, akakaa akisubiri. "Machicha yakishakaa mahali pake, ndiyo yanayochuja," alikuwa akisema. "Mimi nashika tu." Watu walicheka. Nani aliwahi kusikia uchafu ukisafisha?

Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Ukimsalimia huku unatazama pembeni, alikuuliza kama umemsalimia yeye au mbuzi. Mtoto alijaliwa mmoja tu, Limi, akamwozesha upande wa Geita, na tangu hapo nyumba ikabaki ya watu wawili waliotaniana kutwa nzima.

Huyo wa pili alikuwa mumewe, Ngassa, msukaji wa vihenge. Kihenge ni ghala, kila Msukuma anakijua: kikapu kikubwa cha fito kupita kimo cha mtu, kinasukwa kwanza, kisha kinakandikwa udongo na samadi hata punje isipate mwanya wa kuvuja. Kazi hiyo Ngassa aliirithi kwa baba yake, lakini sehemu ya ujana wake aliiacha Geita, kwenye mashimo ya dhahabu, akisimika magogo ya kuzuia mwamba usiwaangukie wachimbaji. Alirudi na ng'ombe kadhaa, kikohozi kidogo na majivuno mengi.

Sasa, mchanga. Mgeni akipita bonde la Mwadubi wakati wa kiangazi huona mto mpana mweupe usio na tone la maji, akawahurumia wenyeji. Huruma hiyo ni ya bure. Maji yapo, yamejificha chini, na mwenyeji huyafukua kwa kibuyu na mikono. Shida ni kwamba mchanga ule ni mlaini na haushikani. Ukichimba hadi magotini, unajaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Ukizidi kimo cha mtu, wewe ndiye unayefukiwa. Na hayo maji yenyewe hutoka na mchanga ndani yake, ukiyanywa unatafuna. Kwa hiyo katika miaka ya neema watu walichota juu juu, wakashukuru, wakanyamaza.

Mwaka wa arobaini na tisa mvua haikunyesha. Maji yalizama chini ya mikono ya watu, siku baada ya siku, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Lambo lililokuwa upande wa pili wa vilima likageuka tope lililochanganyika na mikojo ya ng'ombe, na wanawake walikuwa wakitoka alfajiri kulifuata na kurudi jua likiwa utosini. Yale waliyorudi nayo yalikuwa mazito. Mwaka mzima ule hakuna mtu Mwadubi aliyeona chini ya kata yake akinywa maji.

Ndipo Ngassa alipofunga kibwebwe. "Mwamba wa Geita niliuzuia," aliwaambia wenzake, "nitashindwa na mchanga wa mto?" Akachimba kisima kando ya mto, kuta zimenyooka, magogo kila upande, sawasawa na alivyofundishwa mgodini. Watu walikuja kutazama na kusifu. Siku moja, akiwa chini, mchanga ukaanza kupita kati ya gogo na gogo, kidogo kidogo, bila sauti. Alipoangalia juu kuomba kamba ulikuwa umefika kiunoni. Magogo yakalegea, yakamwangukia mgongoni. Walimtoa akiwa hai, lakini miguu yake haikusikia tena kitu chochote tangu siku ile.

"Mwamba una heshima," alimwambia mkewe baadaye, amelala kwenye ngozi. "Kabla haujaanguka hulia, mkakimbia. Mchanga haukuniambia neno."

Kisima kikaachwa. Hakuna aliyethubutu hata kuweka mguu karibu nacho.

Mabula, mdogo wake Ngassa, alikuwa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa kazi. Ngoma yake ikilia, vijana wote wa bonde hutoka na majembe. Sasa aliipiga kwa jambo jingine. Aliwaita watu, akawaambia kwamba ng'ombe wameanza kuanguka, lambo halitafika mwisho wa mwezi, na upande wa Geita kuna pori, kuna nyasi, kuna maji. Mwezi ukiisha, mikokoteni itafungwa, Mwadubi itahama. Hakuna aliyebisha. Ng'ombe wakiisha Msukuma anabaki na nini?

Ila Ngassa hakuweza kupanda mkokoteni. Walishajaribu, walipompeleka hospitali Shinyanga mjini. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alizimia, na aliporudishwa alikuwa na vidonda mgongoni vilivyomchukua Mbuke muda mrefu kuvikausha. Safari ya Geita ilikuwa ndefu mara kadhaa kuliko ile. Kila mtu alijua maana yake, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyesema.

Alisema Ngassa mwenyewe. "Mama Limi, mwezi ukiisha nenda na wenzako. Limi yuko huko, atakupokea."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa hapa."

"Hapa ukinywa nini?"

Ngassa akatazama paa.

"Basi," Mbuke akasema, "usiniletee maneno yasiyo na jibu. Nina kazi."

Kazi yenyewe haikuwapo. Alitoka nje kwa sababu machozi yalikuwa yakimjia, na yeye hakuwa mtu wa kulia mbele ya mumewe. Akachukua ufagio, akapanda, akaingia ndani ya kihenge chao kitupu kukwangua punje za mwisho. Mle ndani kulikuwa na giza, ila sehemu moja udongo ulikuwa umebanduka, na mwanga ulipenya kati ya fito. Punje moja ya mtama ilikuwa imenasa pale pale kwenye mwanya. Mwanga unapita, mtama haupiti. Mbuke akaitazama punje ile kwa muda mrefu kuliko inavyostahili punje moja.

"Baba Limi!" akaita kutoka ndani, sauti ikavuma kama iko mtungini. "Kihenge kinazuia mtama usimwagike nje, si ndiyo?"

"Kama nimekisuka mimi, kinazuia."

"Kikiwa chini ya ardhi, hakiwezi kuzuia mchanga usimwagike ndani?"

Halafu akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu mchanga ulipomla mumewe miguu: Ngassa alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Kisha akaacha kucheka.

"Mchanga ni mdogo kuliko mtama," akasema. "Utapita."

"Nikiweka kokoto?"

"Utaziweka wapi?"

Mbuke akatoa kichwa mlangoni mwa ghala. "Suka viwili. Kikubwa, na chembamba cha kukaa ndani yake. Katikati tunajaza kokoto. Ndogo upande wa mchanga, kubwa upande wa maji."

Ngassa alinyoosha mkono akachora duara mavumbini, na ndani yake duara jingine, akayatazama. "Niletee fito za mkole," akasema. "Mbichi."

Mabula alipoambiwa aliuma mdomo. Alimpenda kaka yake, na aliogopa lile shimo kuliko simba. Lakini mwezi ulikuwa haujaisha, na vijana walikuwa wamekaa tu wakihesabu mbavu za ng'ombe. Akakubali kwa sharti moja: mwezi ukiisha, kisima kiwe na maji au kisiwe nayo, mikokoteni inaondoka, na shemeji yake anapanda. Mbuke akasema sawa. Moyoni alijua hapandi, ila hilo halikuwa neno la kumwambia mtu.

Maneno yakazagaa bondeni. Kihenge ni cha chakula. Nani alishawahi kuzika ghala? Wazee kadhaa walisema huko ni kuiita njaa. Jirani yake Mbuke, Serafina, mwanamke mnene wa kanisani ambaye hata ukame haukumpunguza sana, aliwajibu akiwa ameshika kiuno. "Njaa si iko hapa tayari, inakula nasi? Sasa mnaogopa tumwite nani, dada yake?" Wazee wakakasirika, lakini wanawake wakacheka, na wanawake ndio waliohitajiwa.

Kwa maana kazi ya kokoto ilikuwa yao. Walikwenda kwenye kilima na vikapu, wakakusanya changarawe, wakaketi kivulini na nyungo zao. Na hapo Mwadubi ikaona jambo ambalo halijawahi kuonekana: wanawake wakipepeta mawe. Walipepeta kama wapepetavyo mtama, mavumbi yakaruka, kubwa zikaja mbele ya ungo na ndogo zikabaki nyuma, nao wakayatenga mafungu mafungu. Wakaanza na wimbo, ule ule wa kutwangia. Mpita njia mmoja aliwauliza kama wamekuwa wazimu. Serafina akamwambia asubiri, chakula kinakaribia kuiva.

Vijana nao walichimba, safari hii si kwa kuta zilizonyooka. Ngassa alibebwa juu ya ngozi yake hadi kando ya mto, akawaelekeza kwa fimbo: walifukua shimo pana juu, lenye mteremko pande zote, hadi walipofika kwenye mchanga wenye unyevu. Hapo wakasimika kihenge kikubwa, kilichoharakishwa kikiwa bado fito tupu, na mtu akachimba akiwa ndani yake. Kadiri alivyotoa mchanga chini, ndivyo kikapu kilivyoshuka chenyewe, taratibu, kikilia kwa fito zake. Watu walisimama ukingoni wakiangalia ghala likiingia ardhini. Hata waliokuja kukejeli walisogea mbele waone. Kulikuwa na kitu cha kutisha katika kuona chombo cha juu kikienda chini kwa utii namna ile.

Wakati huo Ngassa alikuwa anamalizia kile chembamba. Vihenge hivyo viwili vilikuwa kazi yake ya kwanza tangu aumie, na mikono yake ilikuwa na njaa ya kazi. Mbuke alikuwa kilimani siku Ngassa alipokikamilisha. Aliporudi na kikapu cha mwisho cha kokoto, alikikuta kihenge kimekauka juani, kimekandikwa udongo na samadi ndani yote, kimesuguliwa kwa kiganja hadi kinang'aa. Ngassa alikuwa amekaa kando yake, amepakaa udongo mpaka nywele, uso umechanua.

"Umekionaje?"

"Kimependeza," Mbuke akasema, na ilikuwa kweli.

Msinicheke nikisema hakuna aliyeliona kosa. Mbuke hakuliona, Mabula hakuliona, wale vijana wote waliobeba kihenge kile mabegani wakiimba hawakuliona. Kihenge kisichokandikwa si kihenge, ni kikapu kilichoachwa njiani. Mikono ya Ngassa ilifanya kile ambacho mikono ya baba yake na babu yake ilifanya, na macho ya watu wote yakaona kile ambacho yalizoea kuona. Wakakishusha ndani ya kile kikubwa, wakamimina kokoto katikati, kubwa zikiegemea chembamba na ndogo zikiegemea mchanga, wakashangilia.

Halafu wakangoja maji.

Hayakuja. Ukutani hapakutoka hata jasho. Yale kidogo yaliyoonekana yalitoka chini kabisa, nayo yalikuja yakiusukuma mchanga, sakafu ya kisima ikachemka kama uji. Vijana wakichota ndoo moja ya mchanga kwa kamba wakiwa juu, inapanda nyingine. Walichota siku nzima, na jioni sakafu ilikuwa pale pale ilipokuwa asubuhi. Mabula aliweka chini kamba ya ngozi, akajifuta uso.

"Shemeji, tumejaribu," akasema kwa upole. "Mchanga huu unatuchukia sisi ukoo mzima."

Mwezi ulikuwa umebaki uzi.

Kwa desturi, watu wakihama hunywa pamoja kabla ya kutengana na nchi yao. Mtama wa mwisho ulikusanywa nyumba kwa nyumba, nao ukapelekwa, kwa nani tena, kwa Mbuke. Akapika pombe kwa maji ya lambo, akijua anapika pombe ya kumwagia kaburi. Ngassa alikuwa amerudi kwenye ngozi yake, ameelekea ukutani. Tangu kisima kikatae hakuwa ametania hata neno moja.

Asubuhi ya kuchuja, Mbuke alitundika kichujio chake, akamimina. Hakikutoka kitu. Akamimina tena. Pombe ikajaa juu, ikatulia, ikamtazama. Chini ya kichujio hapakuanguka tone. Akakikamua, akakitukana, kisha akaingiza mkono ndani. Kichujio kilikuwa hakijatumika tangu ukame uanze, na machicha ya zamani yalikuwa yamekauka kwenye nyasi zote, magumu, yamesuguana na kung'aa kama ukuta uliokandikwa.

Serafina, aliyekuja kusaidia, anasema Mbuke alisimama pale na mkono wake ndani ya kichujio, mdomo wazi, mpaka akadhani amepatwa na kifafa.

"Tumekikandika," Mbuke akasema.

"Nini?"

"Tumekikandika! Yesu wako na Maria wako, Serafina, tumekikandika!" Na akaondoka mbio, pombe ya watu wote ikibaki inaning'inia.

Mabula alikuwa anafunga kamba za mkokoteni. Alipoelewa alichoambiwa alikaa chini kwenye gurudumu na kushika kichwa. Kihenge hakikuweza kuvutwa tena, kokoto zilikuwa zimekibana kila upande. Udongo ulikuwa ndani. Ilibidi mtu ashuke akaukwangue. Lakini Mabula mwenyewe mabega yake yasingepita, wala ya vijana wake, kwa sababu Ngassa alikisuka chembamba, na mtu pekee aliyekuwa na mwili wa kutosha mle alikuwa amesimama mbele yake akijifunga kanga kiunoni.

"Shemeji, hapana. Kaka yangu ameshaliwa na mchanga huu."

"Ndiyo. Na mimi naudai mchanga huo," Mbuke akasema. "Funga kamba."

Aliogopa. Watu wakimsimulia siku hizi humfanya shujaa asiye na woga, ni uongo. Alipopita chini ya ukingo na anga likawa duara dogo juu ya kichwa, alishika kamba kwa mikono yote miwili. Pande zote alizungukwa na udongo laini wenye alama za viganja vya mumewe. Nyuma ya udongo kokoto, nyuma ya kokoto mchanga, mchanga ule ule, wenye subira kuliko yeye. Akaomba kwanza kokoto kubwa zishushwe kwa ndoo, akazitandaza miguuni mpaka sakafu ikaacha kuchemka. Kisha akashika jembe lililolika, akaanza kukwangua alama za viganja.

Udongo ulikuwa umelainika, lakini samadi ilikuwa bado imeushika. Ulibanduka vipande vipande. Mahali pa kwanza palipokuwa wazi, fito zilionekana, nyeusi, zimelowa, na kati ya fito mbili ukatokea uzi wa maji. Ulikuwa wa baridi. Akakwangua zaidi, na nyuzi zikawa nyingi, upande huu na upande ule, zikampiga mgongoni, tumboni, usoni. Maji yalikuwa machafu kabisa, rangi ya uji wa ulezi, na ndani yake alihisi punje za mchanga zikimkwaruza ngozi.

"Mchanga unaingia!" Mabula akapiga kelele kutoka juu. "Tunauona! Shemeji, tunakuvuta!"

"Msinivute!"

"Unaingia!"

"Acha uingie! Choteni! Choteni mmwage, msisimame!"

Kwa maana alikuwa anajua, na alikuwa hajui. Alijua kwa mikono yake, kwa miaka yote ya kukaa chini ya kichujio. Lakini pombe ikiharibika unapika nyingine. Kisima hiki kikijaa mchanga, yeye atakuwa ndani yake, na nyumbani kuna mtu ameelekea ukutani. Ndoo zikashuka na kupanda. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani, bado machafu. Akaweka kiganja kwenye fito ili asikie kinachopita, kama mtu anavyoweka kiganja kwenye kifua cha mgonjwa. Punje, punje, punje. Vijana juu walikuwa wameacha kuimba. Aliendelea kusikia punje kwa muda ambao hakuweza kuupima, na ndoo zikapanda, na zikashuka.

Kisha akasikia maji matupu.

Alidhani mkono umekufa ganzi. Akajaribu mahali pengine, na pengine. Yalikuwa yanaingia kwa nguvu ile ile, lakini hayakuwa yamebeba kitu. Kule nyuma, gizani, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, mchanga ulikuwa umejipanga. Punje kubwa zilizuiwa na kokoto, ndogo zikazuiwa na kubwa, zile ndogo kabisa zikazuiwa na ndogo, kila moja imekaa mahali pake bila kuelekezwa na mtu, na maji yakipita katikati ya punje zote hizo yakiacha uchafu wake huko huko. Mchanga uliomvunja mumewe mgongo ulikuwa unamchujia maji. Mbuke akaweka paji la uso wake kwenye fito. Alikuwa amesimama ndani ya kichujio kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuviona, na hakikuwa cha kwake, na hakikuwa cha Ngassa pia.

"Choteni tu," akasema, ila sauti haikufika juu.

Jua lilipofika utosini mwanga ulishuka moja kwa moja hadi chini ya kisima. Mbuke akainamisha kichwa. Maji yalikuwa kiunoni, na ndani ya maji aliona kanga yake, akaona magoti yake, akaona miguu yake juu ya kokoto, na kwenye miguu aliona kucha za vidole, moja moja, na ufa mdogo wa kucha kubwa ambao hata yeye alikuwa ameusahau.

Ndoo iliyofuata ilipopanda, Mabula aliishika akitaka kuimwaga kama zile nyingine, mkono ukakwama hewani. Alivua kofia. Akapitisha ndoo kwa kijana wa jirani, naye akaipitisha. Mtu wa mwisho kuipokea alikuwa mmoja wa wale wazee waliokataa. Aliinywa, akaitazama, akasema polepole, "Minzi. Minzi gete." Maji. Maji kwelikweli.

Baada ya hapo Mbuke aliitwa sehemu nyingi, hadi upande wa Kahama, popote mchanga ulipowashinda watu. Alishuka visima vingi, na kila alipokwenda neno la kwanza lilikuwa, "Msikandike." Watu wasiojua habari walidhani ni mwiko wa kiganga, wakautii kwa heshima kubwa. Hakuwasahihisha. Lakini hayo yalikuja baadaye, na siku ile hakuna aliyeyafikiria, kwa sababu mwezi ulikuwa umeisha, na mikokoteni ilikuwa imeshafungwa mizigo. Maji ni jambo moja, Mabula alisema; watu wameshauaga moyo wa kukaa. Kila mwenye nyumba ataamua mwenyewe asubuhi.

Asubuhi Mbuke hakwenda kuona. Aliteka mtungi mzima, akauleta ndani, akamgeuza mumewe, akamvua shuka. Akachota kata ya kwanza, akammwagia kifuani.

Ngassa akashtuka. "Unamwaga?"

"Namwaga."

"Yote?"

"Yote. Yakiisha naleta mengine."

Hakuwa ameoga kwa maji ya kumwagwa tangu ukame uanze. Aliinua mkono wake, akaangalia matone yakining'inia kwenye vidole, jinsi mwanga wa mlangoni ulivyopita ndani yake. Aliangalia kwa muda mrefu. Mbuke akamwosha mgongo, akamwosha miguu ile isiyosikia, kidole kwa kidole, bila haraka. Nje walisikia vijana wakiwaswaga ng'ombe kutoka kisimani, watu wakiitana, minyororo ikilia. Mkokoteni mmoja ukaanza kusogea, magurudumu yakapita karibu na ua wao, yakaenda, yakaenda, mpaka hayakusikika. Ukafuata mwingine. Mbuke hakuacha kuosha. Ngassa alifumba macho.

Ndipo ukasikika mshindo, karibu, mzito, wa mti kuanguka chini. Ilikuwa nira. Mtu alikuwa amewafungua ng'ombe wake, akaitupa nira ardhini.

"Ni Mabula huyo," Ngassa akasema, bado amefumba macho.

Ikaanguka nyingine, mbali kidogo, upande wa kwa Serafina. Kisha nyingine ng'ambo ya mto. Kisha kimya, hata Mbuke akashikilia kata hewani akisikiliza, na katika kimya kile zikaanguka mbili kwa pamoja. Ngassa alijifunika uso kwa viganja vilivyolowa, mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe hakumwambia anyamaze. Alichota, akammwagia kichwani, akachota tena.